Nani hasa aliwaua wazazi wa Batman? Kurasa mbili za 1939 zinazogoma kuzeeka

Mkaa Kijiweni

Wakuu salaam.

Juzi kijiweni kwetu kahawa ilipoa kwa sababu ya swali moja: nani aliwaua wazazi wa Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe? Fundi simu akasema Joker, yule adui mkubwa wa Batman, tena akaapa kwamba kamwona kwa macho yake, enzi za ujana wake kabla hajatumbukia kwenye kemikali. Bodaboda mmoja akamwambia acha uongo, ni kibaka anaitwa Joe Chill, na familia ilikuwa inatoka opera. Dogo wa chuo akawacheka wote wawili: ni mwandamanaji aliyevaa kinyago cha klauni, usiku ambao mji mzima unawaka. Watu watatu, majibu matatu, na kila mmoja anasema ameona.

Na wote wako sahihi! Fundi ameona filamu ya 1989 ya Tim Burton, bodaboda ameona Batman Begins ya 2005, dogo ameona Joker ya 2019. Mimi nilinyamaza maana nilijua nikianza sitamaliza. Ndiyo nimekuja kumalizia hapa.

Turudi chimboni. Batman alitoka mara ya kwanza kwenye jarida la komiki, Detective Comics namba 27, toleo la Mei 1939, na humo hamna wazazi, hamna msiba, hamna kiapo. Kuna kijana tajiri anavuta kiko, anaonekana amechoshwa na raha, na mwishoni kabisa tunagundua kumbe ndiye yule yule mtu wa popo. Anafanya hayo kwa nini? Hatuambiwi. Ikapita nusu mwaka hivyo hivyo.

Namba 33, Novemba. Kabla kisa cha mwezi huo hakijaanza, zimepachikwa kurasa mbili. Baba, mama na mtoto wanatoka sinema usiku, wanarudi nyumbani kwa miguu. Mtu mwenye bastola anatokea, anataka mkufu wa mama. Baba anajitia mbele, anapigwa risasi. Mama anapiga kelele, naye anapigwa. Mtoto kabaki kasimama, machozi yanamtoka. Siku chache baadaye yule mtoto amekutanisha mikono kama anayesali, mshumaa unawaka, anaapa kwa roho za wazazi wake kwamba maisha yake yote atapambana na wahalifu. Kisanduku kinachofuata ameshakuwa mtu mzima yuko maabara, kingine ananyanyua vyuma, halafu amekaa usiku anawaza avae nini ili wahalifu wamwogope, popo anaingia dirishani. Kwisha. Miaka kumi na tano imepita wakati msomaji bado hajameza mate.

Sasa tazameni vilivyokosekana. Muuaji hana jina. Baba anaitwa Thomas, lakini mama hana jina, ni "mke wake" tu. Aliyemlea mtoto hatajwi. Aliyempikia uji asubuhi ile hatajwi. Hata ule uchochoro ambao leo kila mpenzi wa Batman anaujua kwa jina, jina lilikuwa bado.

Hoja yangu ni hii, na nitaitetea mpaka kesho: hadithi hii haichuji kwa sababu ina mashimo, na shimo kubwa kuliko yote ni muuaji. Ni kibaka. Kibaka hana kisa na wewe. Hakujui jina, hajakutafuta, kesho hatakukumbuka. Kila mwandishi aliyekuja baadaye akampandisha cheo yule kibaka ameipunguza hadithi badala ya kuiongeza.

Uzi tayari. Tia neno.

Kibubu

Ngoja waje wataalamu. Nimetandika mkeka.

Mpemba Halisi

Mie nina neno dogo kabla hamjafika mbali.

Nyie wa bara mnaona popo ni pambo la fulana. Sisi mwaka 1995 Pemba tulilala nje, majirani wote pamoja, kwa ajili ya Popobawa, na jina lenyewe ndiyo hilo: bawa la popo. Mie nilikuwa mtoto, nimelazwa ubavuni mwa bibi uwanjani, moto umekokwa, wanaume wanapokezana kukesha. Hakuna aliyemwona vizuri. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu. Sasa nakuja ukubwani nasoma habari za bwana mmoja wa Marekani amekaa peke yake usiku, popo anaingia dirishani, na badala ya kusoma dua anasema hii ndiyo ishara, nami nitakuwa popo! Bibi yangu angemwita mtu amsomee siku hiyo hiyo.

Lakini hapo ndipo yule mwandishi aliponikamata. Kwenye zile kurasa mbili Bruce anasema wahalifu ni waoga na wana imani za ushirikina. Hataki kuwa malaika, anataka kuwa kile ambacho watu wanalala nje kukikimbia. Superman anataka umwone. Huyu anataka usimwone vizuri, ukasimulie mwenyewe.

Mkaa Kijiweni

Mpemba, hiyo ya "kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu" naikopa. Sikuahidi kurudisha.

Jamaa wa Eastlands

Wacha niwe mtu mbaya kwa huu uzi.

Sisi huku tunalia na mtoto wa bilionea. Mtoto wa kawaida akiona wazazi wameuawa, Jumatatu anarudi shule kama kuna karo, na kama hakuna harudi. Huyu amepewa jumba, gari, maabara na muda. Hata hizo kurasa zako mbili zinasema wazi, anakiri mwenyewe kwamba mali ya baba imemwacha tajiri, ndiyo sasa atafute sura ya kuvaa. Toa hiyo sentensi uone kama kuna Batman. Utabaki na kijana mwenye hasira anayefanya kazi ya ulinzi usiku.

Na kitu kingine. Anatoka na pesa zake kwenda kupiga vibaka. Vibaka ni nani? Ni maskini. Mimi hiyo ndiyo inanikaa vibaya, si popo.

Mkaa Kijiweni

Mkuu umepiga penyewe, sitajifanya sijaumia.

Ila kumbuka ilitoka lini. Mwaka 1939, Marekani ndiyo inajikongoja kutoka kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, na jarida linauzwa senti kumi. Mtoto aliyenunua lile toleo hakuwa na jumba. Alichoambiwa ni kwamba hata wa kwenye jumba risasi ilimfikia, mbele ya sinema, mahali ambapo hata yeye angekuwepo Jumamosi. Pesa ya Bruce ni ya kuendeshea hadithi tu, ili tusiulize petroli inatoka wapi. Ule usiku haikumsaidia kitu. Tena mkufu ndio ulioleta balaa.

Hiyo ya kupiga maskini nakuachia, kwa sababu waandishi wenyewe wamehangaika nayo miaka mingi na sijaona aliyeimaliza.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, mnagombania nyumba na mwenye nyumba mmemsahau.

Jina lililoandikwa kwenye Batman kwa zaidi ya miaka sabini ni la Bob Kane peke yake. Kane alikuwa na mchoro: mtu mwenye nguo nyekundu, mabawa magumu kama ya popo, kinyago kidogo cha machoni. Akamwonyesha rafiki yake, kijana aliyekuwa akiuza viatu huku akitaka kuwa mwandishi, jina lake Bill Finger. Finger ndiye aliyesema ondoa mabawa weka joho, funika kichwa chote kiwe na masikio, weka rangi ya kijivu. Finger ndiye aliyeandika kisa cha kwanza. Jina Bruce Wayne limetoka kwake, na Gotham, jina la mji wake, pia. Na zile kurasa mbili za usiku wa msiba, ambazo leo ndizo zinazowafanya mkeshe hapa, ni za kalamu yake.

Kane alikuwa na mkataba na kampuni iliyochapisha jarida. Finger hakuwa nao. Alilipwa na Kane kama mwandishi wa pembeni, jina lake halikutokea. Akaandika Batman kwa miaka zaidi ya ishirini hivyo hivyo. Akafa Januari 1974, hana kitu. Kane alikuja kuandika kwenye kumbukumbu zake, Finger ameshakufa zamani, kwamba rafiki yake alistahili kutajwa. Kampuni ilikubali kuweka jina la Finger kwenye filamu na tamthilia za Batman mwaka 2015. Hesabuni wenyewe tangu 1939.

Nasema haya si kwa ajili ya huruma tu. Mkaa Kijiweni anasema mama hana jina, muuaji hana jina. Aliyeandika naye hakuwa na jina kwenye ukurasa huo.

Na kwa kuwa mnapenda habari za risasi: baba yake Jerry Siegel, mmoja wa vijana wawili waliomtunga Superman, alifariki mwaka 1932 baada ya dukani kwake Cleveland kuingiliwa na wezi. Moyo ulisimama. Miaka michache baadaye mwanawe akamtunga mtu ambaye risasi hazimwingii. Sisemi moja limezaa jingine, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kulisimulia. Naweka mezani tu.

Mama Wawili

Shikamoo mwalimu. Hilo la Finger limenikaa kooni.

Mimi nina swali la kike, mnisamehe. Mtoto kafiwa na baba na mama usiku mmoja. Ndugu wako wapi? Baba mdogo hayupo? Shangazi? Huo msiba ulikaliwa na nani? Nimemsimulia mwanangu wa darasa la tatu akaniuliza hilo hilo: "Mama, alilala kwa nani?" Nikamwambia kwa Alfred, yule mtumishi wa nyumbani kwao. Sasa kaka Mkaa anasema hakuna aliyetajwa. Nimemdanganya mtoto?

Mkaa Kijiweni

Dada, swali lako ndilo bora kuliko yote humu na umelipa jina la kike bure.

Hukumdanganya, ila Alfred unayemjua ni wa juzi. Alfred aliingia kwenye komiki mwaka 1943. Wakati huo Bruce ni mtu mzima, ni Batman tayari, na msaidizi wake Robin yupo ndani tangu Aprili 1940. Alfred anabisha hodi kama mtumishi mpya! Tena alikuwa mnene, anajikwaa, anataka kuwa mpelelezi, yaani aliwekwa pale watu wacheke. Filamu ya vipande vipande ya mwaka ule ule ikamwonyesha mwembamba mwenye masharubu, wachoraji wakamkondesha wakafuata. Huyu Alfred wa kumfuta mtoto machozi, wa kumwambia "kula basi, bwana mdogo", alikuja kukaa sawasawa miaka ya themanini. Kwa hiyo zaidi ya miaka arobaini mtoto Bruce alilelewa na nani? Kila mwandishi na lake, na wengi hawakujisumbua.

Kwa msomaji wa kwetu hilo ndilo shimo linalotisha kuliko bastola. Mtoto mwenye mali nyingi, wazazi wote wamekufa, na hakuna hata ndugu mmoja aliyejitokeza? Huku wangejitokeza hata wasiokuwa ndugu.

Jamaa wa Eastlands

😂😂 Wangekuja na wakili.

Mpemba Halisi

Na mirathi ingekuwa bado iko kwa Kadhi mpaka leo, Batman anasubiri.

Mama Wawili

Jamani! Mwanangu anasubiri jibu.

Mkaa Kijiweni

Mwambie hivi, dada. Mwaka 1976, Detective Comics namba 457, Denny O'Neil aliandika kisa kifupi, mchoraji Dick Giordano. Hapo ndipo uchochoro ulipopata jina lake la leo, Crime Alley, mtaa uliowahi kuwa wa watu wa maana ukaoza. Na hapo tunamjua mwanamke anaitwa Leslie Thompkins. Usiku wa mauaji yeye ndiye aliyemkuta mtoto amesimama barabarani akamkumbatia. Basi. Hana nguvu zozote, hana fedha, anafanya kazi ya kusaidia watu wa mtaa ule. Kila mwaka tarehe ile ile Batman anaacha shughuli zote anarudi pale kumtazama, na yule mama hajui kuwa mtu huyu mwenye masikio ndiye yule mtoto.

Kwangu hiyo ni nyongeza pekee iliyojaza shimo bila kuliziba. Imesema nani alimshika mkono usiku ule, haikusema zaidi.

Sasa nirudi kwa kibaka wangu, maana nimeahidi.

Mwaka 1948, Batman namba 47, wakampa jina: Joe Chill. Hapo sina ugomvi, kwa sababu waliokiandika kile kisa, Finger akiwa ndiye mwandishi, walijua wanachofanya. Chill sasa ni bosi mdogo, ana malori, anasafirisha wahalifu wanaotafutwa. Batman anamtambua. Ushahidi hana. Anamfuata peke yake, anavua kinyago, anamwambia mimi ni mtoto wa watu uliowaua, naijua sura yako tangu usiku ule. Chill anachanganyikiwa, anakimbilia kwa watu wake: nisaidieni, Batman ananitaka kwa sababu nilimuua baba yake! Nao wanatazamana. Kumbe wewe ndiye uliyetuletea huyu shetani? Wanammiminia risasi hapo hapo. Halafu ndipo wanagutuka kwamba walikuwa hawajamuuliza jina.

Nimekisoma kisa hiki mara sijui ngapi na bado nasisimka. Kibaka amebaki kibaka. Hakujua alichokizaa, na siku aliyojua ndiyo iliyomuua.

Miaka minane baadaye wakaharibu. Mwaka 1956, namba 235 ya Detective Comics, tunaambiwa kumbe Chill alikodiwa! Daktari Thomas Wayne aliwahi kuvaa nguo ya popo kwenye dansi ya vinyago, akalazimishwa kumtoa risasi jambazi mmoja anaitwa Lew Moxon, akampiga, akasababisha afungwe. Moxon kutoka jela akamtuma Chill, na mtoto aliachwa hai makusudi ili aseme ulikuwa wizi wa kawaida. Mnaona kilichotokea? Usiku ambao haukuwa na sababu umepewa sababu. Kibaka amepandishwa kuwa muuaji wa kukodiwa. Baba naye kawa Batman kabla ya Batman. Kila kitu kimeshonwa, na nguo imebana.

Filamu ya 1989 ilifanya kosa hilo hilo kwa njia nyingine: muuaji ni Joker mwenyewe. Inapendeza kwenye kioo, nakiri, watu wa vibanda umiza walipiga meza. Lakini mji mzima umekuwa na watu wawili tu. Ile ya 2005 ikarudisha akili: Chill ni maskini mwenye njaa na woga, mkono unamtetemeka, na Bruce akija kumlipizia kisasi ukubwani anakuta mwingine amemtangulia kumpiga risasi. Hata kisasi amenyimwa.

Mwalimu Mstaafu

Niongeze moja kuhusu bastola, kwa sababu kila mtu anasema Batman hashiki bunduki kwa ajili ya wazazi wake. Hiyo nayo ilikuja baadaye. Toleo la Oktoba 1939, mwezi mmoja kabla ya zile kurasa mbili, aliwapiga wanyonya damu kwa risasi za fedha wakiwa wamelala kwenye majeneza yao. Na ndani ya toleo lenye kurasa za msiba lenyewe anaonekana na bastola kiunoni! Mwaka 1940 mhariri Whitney Ellsworth ndiye aliyekataza kuua na kubeba bunduki, baada ya Batman kufyatua bunduki ya rasharasha kutoka kwenye ndege yake. Amri ya ofisini. Wasomaji wakaiunganisha wenyewe na yatima, na imekaa kama ilizaliwa nayo.

Jamaa wa Eastlands

Na lulu? Usiniambie lulu pia ni mpya. Hakuna filamu haina zile lulu zinamwagika kwa lami polepole.

Mkaa Kijiweni

Lulu ni za 1986, The Dark Knight Returns ya Frank Miller. Mwaka 1939 ni mkufu tu, na hakuna anayeutazama. Miller akaukata ule usiku visanduku vidogo vidogo, mkufu umenaswa kwenye bastola, uzi unakatika, punje moja moja. Karibu hakuna maneno. Tangu hapo kila mwongoza filamu anazimwaga. Mpaka ilipofika 2022, filamu ya Matt Reeves ikakataa kutuonyesha mauaji kabisa, na ukumbi mzima ulijua kilichotokea bila kuonyeshwa.

Tamthilia ya 1966 sitaizungumzia. Ile ya rangi rangi na maneno makubwa yanayoruka wakipigana. Mauaji yametajwa kwa sentensi moja kisha wakaendelea kucheza.

Mpemba Halisi

Mie naona hata Joker anathibitisha hoja ya mleta uzi kwa upande wa pili. Kile kitabu cha 1988 cha Alan Moore na Brian Bolland, The Killing Joke, Joker anasema akiwa lazima awe na historia basi apendelea iwe ya kuchagua, leo hii, kesho ile. Mmoja ana usiku mmoja tu hautoki kichwani. Mwengine hakumbuki usiku upi. Na wote wawili wamepotea.

Kibubu

Nimesoma uzi wote. Sikutaka kuandika.

Mkuu Mkaa, unaandika vizuri, lakini hiyo hoja yako ya muuaji asiye na jina ndiye utamu wa hadithi naomba niipinge, kwa adabu.

Mzee wangu alikuwa na duka la jumla. Nilikuwa na miaka tisa. Walikuja wakati wa kufunga, mimi niko chini ya kaunta natafuta kifuniko cha kalamu. Sikuona sura. Niliona viatu. Raba nyeupe, moja kamba yake imefungwa kwa waya. Walichukua mauzo ya siku na redio. Mzee hakufika hospitali.

Baada ya arobaini baba mdogo alinichukua Morogoro, akanisomesha, Mungu ampe heri, kwa hiyo dada Mama Wawili, ndugu walikuwepo. Lakini miaka mingi mimi nilikuwa natembea natazama chini. Stendi, sokoni, kanisani. Natazama viatu. Mtu mzima nimeajiriwa bado natazama viatu, na raba yenyewe ingekuwa imeshaoza zamani. Mwanamke wangu aliniuliza mbona humwangalii mtu usoni.

Kwa hiyo mkisema shimo linaleta uzuri, ni kweli kwa msomaji. Kwa aliye ndani ya shimo si uzuri. Mimi ningekubali hata kile kisa kibaya cha 1956. Ningekubali kuambiwa kulikuwa na mtu anaitwa Moxon na alikuwa na sababu.

Mkaa Kijiweni

Pole sana ndugu yangu. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kujibu.

Sina la kukupinga. Nimekisema kile kisa kibaya kwa sababu kinambana msomaji. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu angekitamani. Na sasa nadhani huenda waliokiandika mwaka 1956 walikuwa wanajibu barua za watoto waliotaka kujua kwa nini. Sijui kama ndivyo, nawaza tu kwa sauti.

Ila nikuulize kitu, na usijibu kama hutaki. Ulimpendaje Batman basi?

Kibubu

Sikumpenda. Nilikuwa nakereka naye. Binamu zangu Morogoro walikuwa wanaangalia mkanda uliotafsiriwa, jamaa anaweka na vichekesho vyake juu, "steringi hafi, wazazi ndo wanakufa", watu wanacheka. Mimi natoka nje.

Kilichonirudisha ni kile kisanduku ulichokieleza, cha mshumaa. Nilikiona kwenye mtandao nikiwa nimeshakuwa mkubwa. Wote wanasema ni kiapo cha ushujaa. Mimi nikaona ni maneno ya mtoto ambaye hakuna mtu mzima aliyeingia chumbani kumwambia basi, lala. Mtoto wa miaka ile anaapa chochote. Mimi niliapa mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tofauti ni kwamba baba mdogo aliingia na taa, akakaa kitandani mpaka nikalala.

Mama Wawili

Kibubu kaka yangu, Mungu amrehemu mzee wako.

Nitamwambia mwanangu kwamba kuna mama alimshika. Ile ya Leslie. Hiyo ya Alfred atajisomea akikua.

Mwalimu Mstaafu

Pole mwanangu.

Jamaa wa Eastlands

Pole bro. Na mimi ile maneno yangu ya bilionea naishikilia bado, lakini leo nanyamaza.

Kibubu

Shikilia tu mkuu, ni kweli pia.

Mkaa, hicho kisa cha yule mama anayekutwa uchochoroni kila mwaka umesema namba ngapi?

Mkaa Kijiweni

457, Machi 1976. Kimechapishwa tena kwenye mikusanyo ya visa vya Batman, si lazima uhangaike na toleo la zamani. Ni kifupi, utakimaliza kwenye daladala. Njoo PM nikuelekeze.

Kibubu

Nimeshakuja.